Duara la siku sita Yorkshire: anza na kitanda, njia itafuata

Swali: Naishi Leeds mwaka wa tano sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mdogo wangu wa kiume anakuja kutoka Tanga mwezi wa sita, na badala ya kumzungusha madukani nataka tutembee kwa miguu mashambani siku sita, tuanzie mahali na kurudi palepale. Hatuna gari, hatunywi pombe, tunakula halali, na hatujawahi kutumia ramani zaidi ya ile ya kwenye simu. Miguu tunayo: yeye anacheza mpira, mimi nashinda nimesimama. Lakini nikifungua ramani naona vijia elfu moja na sijui nishike kipi. Nipange vipi?

Jibu:

Dada yangu, swali lako limenifurahisha. Wengi wetu hukaa huku miaka kumi tukiyaona mashamba kupitia dirisha la treni na kuamini kwamba ni mali ya watu, hayatuhusu. Yanatuhusu, tena kisheria. Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma zinazokatiza malisho, mashamba ya ngano na hata nyua za wakulima, mbele kabisa ya mlango wa jikoni. Nyingi ni njia za kale ambazo watu walizipita kwenda kanisani, sokoni au machimboni. Mwenye shamba haruhusiwi kuifunga, nawe huhitaji kumwomba ruhusa. Ukimkuta, msalimie, upite, na geti uliache kama ulivyolikuta. Nalitanguliza hili kwa sababu nimetembea na ndugu zetu wengi, na kinachowachosha siku ya kwanza si mlima. Ni ule wasiwasi wa kutazamwa. Mwambie mdogo wako mapema kwamba hapo alipo ana haki ya kuwapo.

Sasa tupange. Anayeanza hufungua ramani, akatafuta mlima, maporomoko na ziwa, kisha akaviunganisha kwa mstari. Nami nilianza hivyo. Duara langu la kwanza nililichora vizuri sana, na jioni ya siku ya pili nikafika kijijini nimelowa chapachapa, nikakuta nyumba pekee ya wageni imefungwa wiki ile. Kijiji kilichofuata kilikuwa kilomita kumi na moja mbele. Nililala kwenye baraza la kanisa, nimevaa nguo zote nilizokuwa nazo. Tangu siku hiyo naanza na kitanda. Natafuta vijiji vyenye malazi vilivyopishana kilomita kumi hadi ishirini na tano, vinavyozunguka na kurudi nilikoanzia. Kisha naangalia pa kutokea: mtu akiteguka mguu mchana wa siku ya tatu, tutaondokaje? Njia yenyewe naichora mwisho. Mandhari siyatafuti kabisa, maana katika mabonde haya kila upande unakogeuka yako mbele yako.

Kwa mtu wa Leeds asiye na gari, nisingekwenda mbali. Kuna reli ya Settle–Carlisle, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1876, ikanusurika kufungwa mwaka 1989 baada ya wananchi kuipigania kwa miaka. Kutoka Leeds mtapanda treni moja tu, na baada ya takriban saa moja mtashuka Settle, mji mdogo uliokaa mlangoni mwa hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales. Hapo ndipo duara lenu litakapoanzia na kuishia.

Vituo vya kulala ni hivi: Malham, Kettlewell, Hawes, Horton-in-Ribblesdale, kisha kurudi Settle. Jumla ni kama kilomita 95. Mtatembea siku tano, na moja mtapumzika Hawes. Ukiangalia ramani utaona kwamba mnaelekea mashariki kwanza, kisha kaskazini, kisha mnarudi kusini-magharibi. Nimefikiria sana upande wa kuzungukia, kwa sababu kila upande una gharama yake. Upepo wa huku mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo siku ya kutoka Hawes kwenda Horton, juu kwenye uwanda mtupu, mtaupokea usoni. Mngezunguka kinyume, ungewasukuma mgongoni. Lakini kuzunguka kinyume kungewapa mlima Pen-y-ghent siku ya kwanza kabla miguu haijazoea mzigo, na siku za mwisho, mkiwa mmechoka, mngekuwa mbali na reli. Kwa mpangilio wangu siku ya kwanza ni fupi, na siku mbili za mwisho reli iko karibu nanyi wakati wote. Nakubali upepo, napata treni.

Na msianze Jumamosi. Wakati wa kiangazi nyumba nyingi za wageni hazitaki kumpa mtu chumba kwa usiku mmoja wa Jumamosi, hutaka alale mbili. Zaidi ya hayo, Jumamosi ndiyo siku mamia ya watu humiminika Horton kwa ajili ya vilele vitatu: Pen-y-ghent mita 694, Whernside mita 736 na Ingleborough mita 723, vyote kwa siku moja, kama kilomita 39 ndani ya saa kumi na mbili. Anzeni Jumapili. Mtaingia Malham jioni wakati wageni wa siku moja wanaondoka, na Pen-y-ghent mtaupanda Ijumaa kukiwa na nafasi.

Jumapili, basi, kutoka Settle kwenda Malham. Moja kwa moja ni kama kilomita kumi tu, lakini naomba mwongeze kidogo kwa kupitia chini ya majabali ya Attermire na pango la Victoria. Chumba cha ndani cha pango hili kiligunduliwa miaka ya 1830, wakati Malkia Victoria alipotawazwa, na wachimbaji wakakuta humo mifupa ya viboko, vifaru, tembo na fisi wa takriban miaka 130,000 iliyopita, zama ambazo sehemu hizi zilikuwa na joto. Fisi ndio waliokuwa wakiburura nyama ndani. Mtu wa Tanga akisimama pale na kuambiwa kwamba kiboko aliwahi kuogelea Yorkshire, ataitazama nchi hii kwa macho mengine. Tazameni mkiwa nje, mawe ya mlangoni huanguka. Kutoka hapo njia hupanda hadi karibu mita 500, kisha Malham huonekana chini.

Jumatatu ni Malham hadi Kettlewell, kama kilomita 18, na kwa macho yangu ndiyo siku nzuri kuliko zote. Kilomita moja tu kutoka kijijini mtasimama chini ya Malham Cove, ukuta wa mawe ya chokaa uliopinda kama kiganja, urefu wake kwenda juu kama mita 80. Mwishoni mwa zama za barafu kulikuwa na maporomoko makubwa hapo. Siku hizi ni pakavu, ingawa Desemba 2015, mvua zilipozidi, maji yaliporomoka tena kwa muda mfupi na wazee wa kijiji hawakuwa wamewahi kuona jambo hilo. Kuna ngazi kama 400 za kupanda pembeni. Juu mtakuta sakafu ya mawe iliyopasuka mistari mirefu ambamo huota kangaga na maua yanayojificha kondoo wasiyale. Pitieni polepole, yakilowa, mawe hayo huteleza kama sabuni, na ufa mmoja unatosha kuvunja mguu.

Hapo mtajifunza jambo linalogusa chupa zenu za maji. Jiwe la chokaa halishiki maji juu yake. Mto unaotoka ziwa la Malham Tarn hutiririka mita mia kadhaa tu kisha ukazama ardhini, ukaibuke tena chini huko, upande wa pili wa kijiji. Kwa hiyo ramani inaweza kukuonyesha bonde na bado usipate tone. Palipo na maji nako kuna kondoo kila upande, msiyanywe. Bebeni lita mbili kila mtu kila asubuhi.

Baada ya ziwa mtashika njia ya kale ya watawa, Monk's Road, hadi kijiji cha Arncliffe, kisha mvuke mgongo mkali wa Old Cote Moor na kushuka Kettlewell. Mgongo huo ni mfupi, kama kilomita nne na nusu, lakini huja mwisho wa siku na huwaumiza wengi. Kaeni nusu saa Arncliffe, mvue viatu, mle tende, ndipo mpande.

Jumanne ni siku ngumu, nayo ndiyo itakayokupa somo la upangaji, kwa hiyo tuikae kidogo. Kettlewell hadi Hawes ni kama kilomita 26. Mtafuata mto Wharfe hadi Buckden, njia tambarare, kisha mtapanda hadi zaidi ya mita 500 kwenye barabara ya kale ya Stake, mshuke Stalling Busk na ziwa la Semerwater, mpande tena kutoka Countersett, mkatize barabara ya Kirumi, ndipo mshuke Burtersett na kuingia Hawes. Tuihesabu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado tunaitumia: saa moja kwa kila kilomita tano, na ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 26 ni saa tano na robo. Kupanda kwote siku hiyo ni kama mita 700, ongeza saa moja na kidogo. Jumla saa sita na nusu. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea, maana kanuni hiyo ni ya mtu mwenye nguvu asiyesimama. Haihesabu chakula, sala, picha, kusoma ramani, wala zile ngazi za kuvukia kuta ambazo siku kama hiyo ni nyingi ajabu. Mimi huongeza theluthi kwa watu wazoefu, na karibu nusu kwa wageni. Kwenu ninyi ni saa tisa hadi kumi. Mkitoka saa mbili asubuhi mtaingia Hawes saa kumi na mbili jioni, mapema kabisa, kwa sababu mwishoni mwa Juni jua huku huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa nne kasoro robo usiku. Duara hilohilo mwezi Desemba haliwezekani, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Ukiona kilomita 26 ni nyingi, kuna njia ya kuigawa: siku ya Jumatatu msiishie Kettlewell, endeleeni kilomita saba tambarare hadi Buckden. Jumatatu itakuwa 25 na Jumanne 19. Sikushauri hivyo, kwa kuwa kile kivuko cha Old Cote Moor kitakuwa kimeshawachosha, na Kettlewell ina vitanda na sehemu za kula zaidi. Lakini ujue kwamba hivi ndivyo duara linavyorekebishwa: unasogeza kitanda, nazo kilomita zinahama siku moja kwenda nyingine.

Pale Semerwater watu husimulia kwamba chini ya ziwa kuna mji uliozama. Mzee ombaomba alizunguka nyumba zote akinyimwa chakula, mpaka maskini wa pembezoni walipomkaribisha. Asubuhi mji wote ulikuwa maji, nyumba yao peke yake imebaki. Mdogo wako ataitambua hadithi hiyo mara moja, hata kama alikosikia yeye mzee alikuwa na jina jingine.

Jumatano mpumzike Hawes. Siku ya kupumzika mnaiweka baada ya siku ngumu kwa sababu ndiyo akiba yenu: mvua kubwa ikiwazuia Jumatatu au Jumanne, mnaila siku hiyo na duara haliharibiki. Hali ikiwa njema, fueni soksi, kisha mwende mikono mitupu hadi Hardraw Force, mwendo wa chini ya saa moja, maporomoko yanayoanguka kama mita 30 kwa mkupuo mmoja. Utalipa kiingilio kidogo.

Alhamisi, Hawes hadi Horton, kama kilomita 22. Mtakuwa kwenye Pennine Way, njia ndefu ya taifa iliyozinduliwa mwaka 1965, ya kwanza ya aina yake nchini. Alama yake ni tunda la mwaloni lililochorwa kwenye nguzo. Njia ni pana na ni vigumu kuipotea, lakini kwa saa nyingi mtakuwa juu ya mita 500, hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna ukuta wa kujibanza. Sehemu yake ni barabara iliyojengwa na Warumi. Siku angavu mtaona, mbali kule chini, daraja la reli la Ribblehead lenye matao 24, lililojengwa kwa miaka minne tangu 1870 na wafanyakazi walioishi kwenye vibanda vya mbao palepale kwenye matope. Wengi walikufa kwa ajali na ndui. Mkifika Cam End, simameni mjitazame. Upepo ukiwa umewashinda, mvua imeingia mpaka ndani, au mtu anachechemea, shukeni kulia hadi kituo cha Ribblehead, mwendo wa kilomita tano hivi, mpande treni hadi Horton. Mkiwa wazima, endeleeni kupitia daraja dogo la Ling Gill, ambapo kuna jiwe lililochongwa maandishi kwamba lilikarabatiwa mwaka 1765.

Ijumaa ni Pen-y-ghent na nyumbani. Pandeni kwa njia ya Pennine Way, upande wa magharibi, mteremko wake ni wa huruma. Ugumu uko kwenye kushuka upande wa kusini: kuna ngazi za mawe makubwa ambapo mtatumia mikono. Pakiwa pakavu ni furaha. Kukiwa na mvua na upepo mkali, msipande kabisa; fuateni mto Ribble bondeni hadi Stainforth, nako kuna daraja la mawe la karne ya 17 na maporomoko ambayo samoni huyaruka msimu wa vuli. Kwa njia ya mlimani ni kama kilomita 17 hadi Settle. Na kama miguu imegoma, kutoka Horton hadi Settle ni kituo kimoja tu cha treni, na hakuna aibu yoyote.

Kuhusu ramani. Simu peke yake haitoshi, kwa sababu mabondeni mtandao hupotea na betri hufa haraka kwenye baridi. Nunua ramani mbili za karatasi za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, zile zenye jalada la rangi ya chungwa, za kipimo cha 1:25,000: namba OL2 na OL30. Kila moja huja na msimbo wa kuipakua pia kwenye simu, nawe upakue kabla ya kuondoka nyumbani. Sentimita nne ni kilomita moja, na kila mraba ni kilomita moja kwa moja, kwa hiyo hata kwa kidole utapima. Tazama vistari vya kijani. Vifupi ni njia za waendao kwa miguu, na njiani penyewe mshale wake ni wa njano. Virefu ni njia za farasi na baiskeli pia, mshale wa bluu, nanyi mnaruhusiwa kote. Ardhi iliyopakwa njano hafifu ni ile ambayo sheria ya mwaka 2000 inawaruhusu watu kutembea popote, hata nje ya njia. Ruhusa hiyo haihusu kulala. Kupiga hema bila idhini ya mwenye ardhi hairuhusiwi hapa, msidanganyike na video za mtandaoni.

Kisha kuna mistari ya kahawia. Ikisongamana, ni mlima; ikiachana, ni tambarare. Nenda bustani ya Roundhay hapo Leeds Jumapili mbili kabla ya safari, ushike ramani ya eneo hilo, ujiulize kila dakika kumi: niko wapi, na kitu gani kitanionyesha nimepita kiasi? Zoezi hilo dogo litakufaa kuliko dira ya bei mbaya.

Chakula. Settle na Hawes ndiko penye maduka ya kujaza begi. Kettlewell kuna kiduka. Kwingine msitegemee. Jioni, mahali pa kula katika vijiji hivi mara nyingi ni baa tu, na hilo lisiwatie hofu: ndiko kijiji kizima kinakokula, watoto na wazee, nanyi mtakunywa chai au maji bila mtu kuwashangaa. Ila zipo mbili za kuangalia. Jiko hufungwa mapema, mara nyingi saa mbili au saa tatu kasoro usiku, na baa kadhaa za vijijini hazipiki Jumatatu, kwa hiyo pigia Kettlewell simu kabla. Ya pili ni samaki na chipsi. Yorkshire wana desturi ya kukaangia kwa mafuta ya ng'ombe, na unga wa samaki huweza kukorogwa na bia. Uliza kwa adabu, watakwambia kweli. Viazi vya kuoka, supu ya mboga na mayai hupatikana karibu kila mahali. Hosteli nyingi zina jiko la wageni. Humo mtapika wenyewe. Kwa njiani, bebeni vitu vya nyumbani: chapati, korosho, tende, kashata. Kashata moja kwenye upepo wa Cam End ina thamani kuliko chokoleti tatu. Kibla huku ni kusini-mashariki, na Isha ya Juni ni usiku wa manane karibu, kwa hiyo panga usingizi wako ukijua hivyo.

Kuhusu hatari, inayonihangaisha zaidi ni ng'ombe. Najua mdogo wako amekua akiwaona. Lakini ng'ombe wa huku mwenye ndama, aliye peke yake malishoni bila mchungaji, ni mnyama mwingine, na watembeaji huuawa nao. Msipite katikati ya mama na ndama. Zungukeni mbali pembeni mwa shamba hata kama njia ni katikati, tembeeni kwa utulivu, msikimbie. Jioni kagueni miguu kutafuta kupe. Ukiona siku kadhaa baadaye duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi, nenda kwa daktari umweleze. Likitokea la kutokea, piga 999, uombe polisi, kisha uombe uokoaji wa milimani, uwatajie namba za gridi, yaani zile zinazotaja mraba mlipo, kutoka kwenye ramani. Wanaokuja ni watu wa kujitolea na hawatozi senti. Kusipokuwa na mtandao, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Hospitali ni habari nyingine: huduma ya dharura mlangoni ni bure kwa kila mtu, lakini mgeni akilazwa hutozwa, kwa hiyo mdogo wako aje na bima ya safari.

Mzigo usizidi kilo saba au nane kila mmoja, pamoja na maji. Koti na suruali zisizopitisha maji ni lazima. Hata Juni, juu ya mita 500 kukiwa na upepo na mvua, ni baridi kama Lushoto usiku wa Julai, ila hapa ni saa sita mchana na umelowa. Suruali ya jinzi iacheni nyumbani, ikilowa haikauki. Chukueni soksi jozi tatu, plasta za malengelenge, tochi ya kichwani, filimbi, pawabenki, na pesa taslimu kidogo.

Sasa utaratibu wa kufuata, kwa sababu Juni haiko mbali kama inavyoonekana. Piga simu Kettlewell kwanza, ndiko vitanda ni vichache kulingana na watu. Ukipata usiku wa Jumatatu, shika Hawes siku mbili, kisha Horton, mwisho Malham, ambako pa kulala ni pengi usiku wa Jumapili. Kettlewell ikikosekana, usilazimishe: sogeza safari yote wiki moja mbele na upige tena. Tiketi za treni nunua baada ya vitanda vyote kuthibitishwa. Karatasi yenye majina ya malazi na tarehe mwachie jirani au mfanyakazi mwenzako, na kila jioni umtumie ujumbe kwamba mmefika. Wasipopata ujumbe hadi asubuhi, wajue pa kuanzia kuwatafuta.

Na buti. Mdogo wako asije kununua huku siku moja kabla. Anunue sasa, hukohuko Tanga, azivae kwenda kazini, sokoni na mazoezini mpaka ngozi ya kisigino izizoee. Mpigie leo.